Damu ya Jenerali

Daktari wa ng'ombe alikuwa amepigwa mateke na kila aina ya mnyama, lakini hakuna aliyewahi kumtoa jasho kama mama mkwe wake. Asubuhi hiyo mama alisimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni, na nyuma yake fahali aitwaye Jenerali akitafuna majani kama asiyehusika.

"Nimesikia kichaa cha ng'ombe hupimwa kwenye ubongo," alisema. "Sasa mkwe wangu, ubongo utaupimaje bila kumchinja?"

"Huko ni kuutafuta ugonjwa wenyewe, mama, tena kwa ng'ombe aliyekwisha kufa. Mimi nataka kujua tu kama amezaliwa na jeni inayomweka karibu na huo ugonjwa. Damu kidogo ya shingoni inatosha."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, mama."

Akampisha. Sindano ilipoingia, Jenerali hakutikisa hata sikio. Aliyefumba macho ni mama mkwe.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Daktari aliyasoma mara tatu garini, kisha akapiga moyo konde akaingia.

"Mama, Jenerali ni mzima. Ila ile jeni anayo. Huenda asiugue maisha yake yote, lakini pengine nusu ya ndama wake wameirithi. Asitumike tena kupandisha."

Majirani kibao walikuwa na ndama wa Jenerali, na mama kila alikopita aliitwa Mama Jenerali, akaitika kwa madaha. Daktari akajiandaa kuambiwa, "Haya yaishie humu humu ndani."

"Marehemu baba mkwe wako," mama akasema, "aliwarithisha watoto wote ile miguu ya bata. Sikumfukuza. Na Jenerali haondoki hapa."

"Haondoki, mama. Atapumzika tu."

"Lakini miguu ya bata haiui." Akavaa viatu. "Beba vichupa vyako, twende."

"Wapi tena?"

"Kwa wenye ndama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi siko tayari kuumbuliwa na ng'ombe."

Walizunguka nyumba tisa. Kila mlangoni alisema mwenyewe, bila kumung'unya maneno. Wengi walishukuru. Fundi cherehani mmoja alifoka kwamba ameharibiwa zizi. Mama akamwacha afoke mpaka pumzi zikamwishia, kisha akamshika ndama wake kichwa, daktari akatoa damu.

Siku majibu yao yaliporudi, kati ya ndama kumi na wanane, saba walikuwa na ile jeni. Wa fundi cherehani hakuwa nayo, na fundi alikuja kuomba radhi huku akitazama chini. Jioni hiyo hiyo majirani wakamwomba mama awachagulie fahali mpya.

Wakamletea dume jeusi, pana kama kabati, linang'aa mgongo mzima. Wote wakalisifu.

"Mpime kwanza," mama akamwambia mkwewe, akiwa ameligeuzia dume hilo mgongo. "Sura yake nitaitazama baadaye."