Kioo Kilicholowekwa

Kosa la dada mtu, kama ni kosa, ni kuipenda kazi yake mpaka akaileta mezani. Alikuwa mpima mafuta ya mitambo kiwandani. Mdogo wake, fundi ambaye dada alimsomesha mwenyewe, ndiye aliyekuwa akiyabadilisha. Wakila, dada alimweleza kwamba mafuta yakichakaa hujaa asidi, na ndiyo anayoipima. Mafuta hayapatani na maji, kwa hiyo huyayeyusha kwenye spiriti, kisha hudondoshea dawa ya kuua asidi, tone kwa tone, huku elektrodi, kijiti cha kupimia, ikisoma umeme mpaka namba iruke. Ila ncha ya elektrodi ni kioo, na spiriti hukikausha. Kabla ya kila kipimo lazima kilowekwe majini, la sivyo namba zinakwenda ovyo. Siku moja akasema kwa kicheko kwamba chupa za mafuta zilipomzidia, aliwahi kuruka hatua hiyo. Mdogo wake akacheka pia.

Kisha beringi za mtambo mkubwa zikaungua, na chupa ya mafuta yake ikaletwa maabara. Dada alikiloweka kioo, akasubiri, akapima. Asidi ilikuwa tele. Haya yalikuwa mafuta ya zamani, yamerudishwa badala ya mapya, na alijua fika zamu ilikuwa ya nani. Roho ilimuuma, lakini aliandika alichokiona.

Kwenye kikao cha uchunguzi mdogo wake alisimama kwa adabu zote, bila haya hata chembe. Alidai ameweka mafuta mapya, ila dada yake ana tabia ya kupima kwa kioo kikavu. Kurudia kipimo hakukuwezekana. Chupa ilikuwa imeisha na tangi lilishaoshwa. Meneja akamgeukia dada.

"Umewahi kuruka kuloweka?"

"Niliwahi. Lakini siyo siku hiyo."

Hiyo lakini yake hakuna aliyeisikiliza. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudisha koti na funguo.

Nyumbani mama yao alimwambia ajikaze, ashukuru kwamba mmoja wao bado ana kazi. Akaingia jikoni kupika. Mdogo wake alimfuata jikoni, akaegemea mlango.

"Dada, usininunie. Najua ulipima sawasawa."

Dada akamuuliza kama anaweza kumwambia meneja maneno hayohayo. Mdogo mtu akatazama sakafu, akasema mama anasubiri chakula.

Dada akawapakulia. Yeye alilia jikoni kwanza, kisha akala hukohuko, na tangu siku hiyo hasimulii kitu mezani.