Mbuzi Aliyetufu Uani

Nilikuwa nimechoka, na mbuzi akazidi kunichosha. Tangu Jumatatu alikuwa akizunguka uani, kushoto, kushoto tu, kichwa kakiinamisha upande, akilizunguka jiwe alilokuwa akikalia marehemu mume wangu Hamidi kutia udhu. Nikimpa maganda ya ndizi, hali. Nikimshika, nikimwachia, huyo karudi kwenye mduara wake.

Jirani yangu Batulo ndiye aliyeleta balaa. Alichungulia juu ya ukuta wa mabati, akashika mdomo.

"Fatu, shoga yangu, huyu anatufu! Tazama anavyokwenda kushoto, kama mahujaji kwenye Kaaba. Anamhijia Hamidi!"

Hamidi alikufa na hamu ya Makka. Kila mwaka alisema mwakani, mpaka kifua kikamchukua.

Kufika adhuhuri, nusu ya mtaa wetu wa Majengo imo uani mwangu, wanamgusa mbuzi mgongo na kujipangusa usoni. Na hiyo ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni; watu wachache wakikusanyika, askari hao mlangoni. Ningewafukuza. Lakini mimi niliyeamka alfajiri kukaanga mahamri, miguu imevimba, sikumfukuza mtu. Niliwapikia chai. Nilitaka iwe kweli, basi.

Alasiri akaja Muse, Msomali mwenye bucha. Hakumgusa mgongo. Alimbonyeza utosi kwa dole gumba, na mfupa ukabonyea.

"Bi Fatu, nisamehe. Huyu ana mnyoo kwenye ubongo. Mbwa hunya mayai yake majanini, mbuzi akala. Mnyoo ndiye anayemzungusha hivi, mpaka aanguke na mbwa ale kichwa. Hapo mnyoo karudi kwao."

"Hatapona?"

"Wallahi, haponi. Anateseka tu."

Batulo alimwita kafiri. Mimi nilimwambia Muse alete kisu.

Kichwa kilipopasuliwa, ndani mlikuwa na kifuko cha maji, kikubwa kama yai la kuku, kina vidoa vyeupe. Tulikichoma kwa mafuta ya taa mbwa wasikipate. Watu wakaondoka, na hakuna aliyenisaidia kuosha vikombe.

Asubuhi sikukaanga kitu. Mduara ulikuwa bado pale, vumbi limekanyagwa likalainika kama unga. Nikasimama kando ya jiwe la Hamidi, nikaanza kwenda kushoto, taratibu, magoti yakiniuma. Kichwa changu kilikuwa kizima, hakina mdudu wowote. Nilizunguka tu.