Mpaka Kiunoni

Habari za stokingi niulizeni mimi, mtaani kwetu hakuna mwanamke anayezijua kunishinda. Nilizivaa mara moja tu, harusini, kisigino kikiwa mbele.

Basi asubuhi moja dada mmoja wa mapokezi, ambaye wenzake ofisini walimwita Mama Kijacho kwa ajili ya tumbo lake la miezi saba, aliketi ukingoni mwa kitanda akizivaa zake polepole, kuanzia vidoleni, kama anayemvisha mtoto mchanga. Ukizivuta kwa pupa zinachanika. Zilipofika kiunoni, mpira ukamkaba tumbo hadi akakosa pumzi. Akachukua mkasi, akaukata.

Stokingi isiyo na mpira haina pa kushika. Haukupita muda kazini zikawa zimemteremkia mapajani, akatembea kama bata aliyeshiba. Kila mteja akiinama kutia sahihi, yeye nyuma ya kaunta anazivuta juu. Mzee mmoja kwenye foleni akamwuliza kwa huruma, "Viroboto, binti yangu?"

Amri ya ofisi ilitaka kila mwanamke avae stokingi mpaka kiunoni, hata jua liwake vipi. Aliyeitoa ni mkurugenzi, mwanamume, ambaye joto la stokingi analijua kwa kusimuliwa. Aliyeilinda ni msimamizi, Madam Pasi, aliyepewa jina hilo kwa nguo zake zisizojua mkunjo.

Madam Pasi alimkuta akizivuta.

"Unacheza ngoma gani hapo?"

"Madam, naomba ruhusa nivae zile fupi, za kuishia magotini. Sketi itafunika, hakuna atakayejua. Hizi za kiunoni, zikiwa na mpira, zinambana mtoto."

"Amekulalamikia?"

"Anapiga mateke, madam."

"Wote hupiga. Mimi nimebeba mimba mbili kwenye kaunta hiyohiyo, na stokingi mpaka kiunoni. Hata sasa hivi nimevaa mpaka kiunoni. Umenisikia nikilia?" Akashusha sauti, wateja wasisikie. "Hili ni onyo la mwisho. Kavae sawasawa, au nenda ukamsubiri mtoto wako nyumbani, na usirudi. Wanaokitaka kiti hiki wamejaa getini."

Mama Kijacho akashika tumbo. Akiondoka leo, hana kazi wala likizo ya uzazi.

"Nitavaa, madam."

Madam Pasi akageuka, kifua mbele. Hajaufikia mlango, stokingi ya mguu wa kushoto ikaanza kushuka. Ilishuka bila haraka, ikapita ugoko, ikajikusanya kifundoni kama ngozi ya nyoka. Mguu ukabaki mtupu. Yule mzee akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

Madam akainama kuivuta, sketi ikapanda. Chini ya goti palikuwa na alama ya mpira, nyekundu, imezunguka mguu kama ya mtu aliyefungwa kamba. Mama Kijacho ilimuuma kuiangalia. Yeye anayo kama hiyo, tumboni.

"Nimevaa mbili," Madam Pasi akasema haraka, bila kuulizwa na mtu. "Hii ni ya juu tu."

"Sawa, madam," akajibu Mama Kijacho, kwa adabu zote. "Na ile ya ndani iko wapi?"