Mifugo Yote ya Nurto

Jumatano hiyo chai ya Nurto ilikuwa imechemka mara ya pili, iliki na maziwa ya ngamia yakinukia mpaka kwa watu wa mbuzi, na benchi lake limejaa kama nyumba ya harusi. Habari za soko la mifugo la Garissa zilianzia hapo: nani ameposwa, lori la nani limekwama Madogo, kisima kipi kimekauka. Simu yake ilikuwa na chaji daima, na wachungaji wa porini kusikofika mtandao walitoa namba yake popote walipoulizwa namba. Hospitali ilimpigia Nurto. Shule ilimpigia Nurto. Hata waliotaka kuoa walianzia kwa Nurto.

Kwa hiyo vijana wa kampuni ya Upeo walipokuja kuandikisha mifugo, kila mtu alitoa namba hiyo hiyo. Upeo ilianza kwa kuuza laini za simu. Sasa ilikuwa imejenga Nairobi mashine kubwa za kutunza habari za watu, ikaziita wingu, na ofisi ya soko ikatangaza kwamba mnyama asiyekuwemo kwenye wingu hauzwi ndani ya ua.

"Kampuni ya kuuza laini," alisema Awil, dalali, shemeji yake Nurto, akipuliza chai. "Laini ikikatika ukiwapigia, wanakuwekea muziki mpaka simu inazima. Leo ndio watachunga ng'ombe yangu?"

"Labda huko juu kuna nyasi," mwingine akadakia. "Huku chini iko wapi?"

Wakacheka. Nurto alicheka nusu. Fahali wake mwekundu alisimama uani, mbavu nje, mnyama wa mwisho aliyembakia. Majani ya kununua yalikuwa yamepanda bei hadi akaanza kumlisha maboksi yaliyolowekwa maji. Asipopanda lori la adhuhuri leo, Jumatano ijayo hatakuwa na miguu ya kupandia.

Ndipo akaja Najib, kijana wa mtaani kwao aliyeajiriwa na Upeo, shati la buluu limemganda mgongoni kwa jasho.

"Eedo Nurto, shangazi yangu, kuna shida. Sistimu imekufungia."

"Imenifungia wapi, na mimi nimekaa nje hapa?"

"Akaunti yako. Inaonyesha una ng'ombe na ngamia mia tatu na ushei, wote kwa namba yako. Inadhani ni mtu mmoja anakusanya mifugo kwa magendo. Imezuia wote wasiuzwe, mpaka Nairobi waangalie."

Benchi zima likamgeukia Nurto.

"Mimi nina fahali mmoja," Nurto akasema.

"Najua, eedo. Wallahi najua, nimekunywa chai yako tangu niko darasa la tatu. Lakini mimi siruhusiwi kugusa. Na leo wakubwa wanakuja kuzindua wingu, hakuna anayeshika simu huko."

Awil akaweka kikombe chini. "Sikiza, kijana. Mimi nikisimama na muuzaji, nasema huyu ni fulani wa ukoo fulani, ng'ombe ni yake. Akiwa mwizi, nalipa mimi, na ndugu zangu wanalipa na mimi. Hiyo wingu yenu ikikosea, analipa nani?"

Najib akatoa simu, akaifungua tena ile akaunti.

Nurto alikuwa akilitazama lango. Askari wa soko alikuwa ameliegemea, rungu kwapani, na hakuna kwato lililoruhusiwa kutoka bila sistimu kukubali.

"Najib, hebu rudia. Mwenye mifugo ni nani?"

"Kwa sistimu? Wewe."

"Na mwenyewe akitaka kuirudisha nyumbani, bila kuuza?"

Najib akabonyeza kioo cha simu, akabonyeza tena. Uso ukaanza kumlegea. "Kurudisha nyumbani hakuna kizuizi, eedo."

"Twende umwonyeshe askari."

Askari alisoma jina, akamtazama mwenye jina, akasoma tena. "Ni wake kweli," akasema, akaondoa komeo.

Nurto akajifunga shali kiunoni. "Basi natoa mali yangu. Yote."

Wakatoka. Ng'ombe, ngamia, vumbi, fimbo, watu wakipiga miluzi. "Tajiri, niajiri!" "Nurto, zaka ya mwaka huu utaiweza?" Alitembea mbele yao kama mtu aliyezaliwa na mia tatu. Walivuka barabara tu, wakasimama kwenye kivuli cha miti ya mathenge, mahali ambapo tangazo la ofisi halikufika, na soko likaanza. Awil na mfanyabiashara wa Nairobi wakaingiza mikono chini ya kikoi, vidole vikasema bei ambayo jirani hawezi kuiona. Walivutana, wakaachana, wakashikana tena. Hatimaye Awil akatoa mkono, akamwangalia shemeji yake, akaitikia kwa kichwa. Fahali mwekundu alipanda lori kwa miguu yake mwenyewe, na Nurto akageuka afute macho, akisingizia vumbi.

Magari ya wakubwa yalipofika, ndani ya ua kulikuwa na hema, viti vyeupe na makorongo wakichokora mbolea. Najib akavuka barabara mbio.

"Eedo, mkubwa anaomba mrudi ndani kidogo. Mpigwe picha tu, halafu mtoke."

Nurto alikuwa ameshahamishia birika na benchi kivulini. Akammiminia kijana kikombe.

"Mwambie mwenye mifugo amekataa."

Benchi likasogeana, Najib akapata pa kukaa.