Chui wa Oltepesi Hajaitika

Mwaka 1998, mashabiki wa kipindi cha salamu cha redioni walipokubaliana kukutana Kitengela uso kwa uso, Katee alikosa usingizi wiki nzima. Alikuwa mkulima wa nyanya kule Kimana, njia ya Loitokitok, na hewani alijiita Kobe wa Kimana. Watu wasiowahi kumtia machoni walimjua nchi nzima. Majirani zake walimjua kama mzee wa kugombania zamu ya maji ya mfereji. Umaarufu wa redio ndivyo ulivyo.

Hakufuata pilau wala hotuba. Alimfuata mtu mmoja, Chui wa Oltepesi. Kwa miaka mingi walitumiana kadi za salamu, mtangazaji akazisoma, na kila salamu ikajibiwa. Kisha Chui akanyamaza. Mwaka mzima Katee alimsalimia, na Chui akawasalimia watu wote, hata wa Gataka waliojiunga juzi, akamruka yeye tu. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka mkewe ajue. Alitaka kuuliza kosa lake, basi.

Wanachama wa Kitengela walikuwa wamegawana wageni majumbani mwao. Katee aliangukia kwa Gedi, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyempokea alasiri mlangoni huku akitafuta ufunguo wa gari.

"Karibu, mzee wangu. Mtalala wawili kwa hii chumba, mwenzako alifika asubuhi. Mama Najah ameweka chai. Mimi nakimbia stage ya matatu, kuna wageni wengine wananingoja."

Chumbani mlikuwa na vitanda viwili na harufu tamu ya ubani. Mzee mmoja mrefu, mwenye mvi, alikuwa akitundika koti msumarini.

"Nilikuachia hiyo ya ukutani," alisema. "Hapa kwa dirisha upepo ni mbaya, na mimi nimezoea."

Katee alimpenda papo hapo. Walikunywa chai ya tangawizi, wakagundua kuwa wote ni Wakamba waliohamia Umasaini, wakacheka jinsi kila mmoja anavyosalimia Kimaasai kwa lafudhi ya Machakos. Mwenzake akamsaidia hata kutandika shuka. Ndipo Katee akamwuliza jina lake la hewani.

"Chui wa Oltepesi. Jina ya nyumbani ni Ndambuki."

Katee alishika ncha ya shuka, asijue aiweke wapi. Furaha na hofu zilimpanda pamoja. Akajikaza, akauliza kama mtu apitaye njia, "Mbona siku hizi humsalimii Kobe wa Kimana?"

"Huyo?" Ndambuki aliketi kitandani. "Huyo aliniua, bwana! Alituma kadi, eti Chui wa Oltepesi apumzike. Mtangazaji akasoma pole pole, akaongeza mahali pema. Hata kabla kipindi iishe, watu walikuwa kwetu na majani chai na sukari ya matanga. Mama yangu alianguka hapo jikoni."

Katee aliikumbuka kadi hiyo vizuri sana. Chui alikuwa akituma salamu nyingi mno, naye akamtania apumzike kidogo, awaachie wengine nafasi. Siku iliposomwa, Katee alikuwa shambani akifungulia nyanya maji. Hakuisikia, na hakuna aliyemwambia.

"Mama aliamka akisema lisemwalo lipo, kama halipo laja," Ndambuki aliendelea. "Akanikataza kabisa. Mtu amekuita kaburini, ukimwitikia umeenda. Na huyo jamaa hana haya! Ameniua, halafu kila wiki ananiita. Kila wiki!"

Katee angeweza kunyamaza. Mkutano ulikuwa kesho. Angeamka mapema, aombe kuhamishiwa nyumba nyingine, na Kobe angebaki hewani. Lakini mzee huyu alikuwa amemwachia kitanda kisicho na upepo.

"Ndambuki, Kobe ni mimi," alisema. "Nilikuwa natania. Nilitaka upumzike kutuma kadi, si vinginevyo. Sikujua, ndugu yangu. Ningejua, ningekuja Oltepesi kwa miguu kumwomba mama msamaha. Nilikuwa nakuita kwa hamu ya salamu zako."

Nje, Nafiso, mke wa Gedi, alikuwa akimwita bintiye Najah aingize kuku. Katee aliona kwamba hana lingine la kusema ila lile alilokuwa akilisema mwaka mzima.

"Chui wa Oltepesi," alisema, "hujambo?"

Ndambuki alitazama mlango, kana kwamba mama yake angeweza kuingia. Akavuta pumzi.

"Sijambo, Kobe," akaitika.