Bantam wa Enzi ya Magodoro

Klabu yetu ya ngumi imetoa mabingwa wanne wa uzani wa bantam na wajuaji mia nne wasio na uzani wowote. Wajuaji hao hukutana karakanani kwangu. Sikuwaalika. Mimi ni fundi wa mizani, karakana yangu imeshikana ukuta na ukumbi wa klabu, na kosa langu ni moja tu: niliweka benchi refu.

Jumamosi ile walikuwa watatu. Wa kwanza Fundi Cherehani, mshona bukta za ngumi na katibu wa klabu, amepakata fremu na bahasha ya picha kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ukuta mpya wa ukumbi una nafasi nne, zote za bantam, kwa sababu klabu yetu haijawahi kuwa na mtu mzito isipokuwa mwenyekiti. Picha zilitakiwa ziwe zimetundikwa kabla ya saa kumi, wageni wa ufunguzi wakifika. Tatu alishazichagua, zote za enzi yake, ile anayoiita ya dhahabu. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa yake pia, ila ya ubavuni.

Nafasi ya nne ndiyo iliyoleta vita. Mjomba wangu, mchomelea mageti, aliitaka iende kwa enzi iliyotangulia, enzi yake, na picha yake mwenyewe alishaileta. Mtaani inaitwa enzi ya magodoro, maana vijana wale kila wakienda kupigana ugenini walilala. Mapambano thelathini na moja, ushindi mara mbili, na mara moja kati ya hizo mpinzani hakutokea. Miaka thelathini Mjomba hajapita mbele ya duka bila mtu kumuuliza kama amelala vizuri.

“Kaka, nikuambie ukweli,” alisema Fundi Cherehani. “Picha yenu nitaitundikaje? Kuwaweka wima ni kuwadanganya wageni. Itabidi niilaze.”

Kijiti alicheka hadi akashika mbavu. Kijiti ni mwoka mikate, mwembamba bado, na yeye mwenyewe ni godoro halisi: alipoteza kumi na moja mfululizo. Lakini watu wakikucheka muda mrefu hivyo, mwishowe unajiunga nao.

“Wewe nawe unacheka!” Mjomba alimkemea. “Nyumbani nani alitugusa? Nyumbani tulikuwa moto!”

“Nyumbani mama zenu walikuwa wanatazama,” alijibu Cherehani.

“Wageni walikuwa wanatukimbia! Hukumbuki walivyokuwa wanakuja wamezidi uzito? Kila timu! Tunawapa kamba, wanaruka saa nzima ndipo wapande ulingoni.”

“Basi mliwapiga watu waliochoka kuruka kamba. Hongereni. Niandike hivyo chini ya picha?”

Mimi nilikuwa nimeinama, nimewapa mgongo. Klabu ilikuwa imenipa kazi: kuisafisha mizani yake ya zamani, ile ya kusimamia, yenye mkono wa chuma wa namba na jiwe unalolisogeza mpaka mkono utulie. Walitaka kuiweka mlangoni kama pambo. Pambo halihitaji kupimwa, najua. Lakini fundi wa mizani kukaa na mizani bila kuipima ni kama shangazi kukaa na siri. Nikapakia mawe yangu ya majaribio, yale yenye muhuri, kilo hamsini kamili.

Mkono ukatulia kwenye hamsini na mbili.

Nikashusha, nikapakia upya. Hamsini na mbili. Nikapekua visu vya chini, vile vyuma vikali ambavyo mkono unaegemea, nikafuta, nikapakia mara ya tatu. Hamsini na mbili, wala haikuona haya.

“Jamani wasomi,” nikasema, “bantam mwisho kilo ngapi?”

“Hamsini na tatu na nusu,” wakajibu pamoja, kama darasa la pili.

“Basi hii mizani inaongeza mbili. Mtu akijikondesha mpaka hapa isome hamsini na tatu na nusu, ukweli ni hamsini na moja na ushee.”

Benchi zima likawa linapiga hesabu, na wengine hesabu haijawahi kuwa ndugu yao.

“Ngoja,” Kijiti alisema polepole. “Tulipokuwa tunasafiri, tulipimwa hapa kwanza, tukifika hamsini na tatu na nusu ndipo tunaondoka.”

“Na huko mnakutana na mtu aliyepimwa na mizani yenye akili,” nikamalizia. “Kakuzidi kilo mbili, tena amekula. Akija hapa, mizani hii inasema kazidi, anarushwa kamba.”

Mjomba alikuwa ameshasimama. Alipiga ngumi mbili hewani. Moja iligonga taa.

“Kutu hiyo!” Fundi Cherehani alidakia. “Imeharibikia stoo. Mizani imekaa humo miaka mingapi?”

“Kutu haikati chuma kwa msumeno, mzee.” Nilichomoa jiwe la kuteleza nikamwonyesha. “Hili si la kiwandani. La kiwandani ni shaba, lina namba. Hili mtu kalikata mwenyewe, kalikata jepesi, kwa hiyo lazima ulisukume mbali zaidi ndipo mkono utulie. Na rangi yake ni ile ile ya mizani, ya zamani. Enzi yako mlipimwa wapi?”

Aliirekebisha fremu mapajani. “Zahanati. Walituazima mizani yao mwaka ule nilipoanza.”

“Mwaka dhahabu ilipoanza,” nikasema. “Kumbe tofauti ya dhahabu na godoro ni chai ya asubuhi.”

Hapo nilitegemea Mjomba anirukie shingoni. Badala yake aliketi. Alikuwa anatazama lile jiwe mkononi mwangu, na mimi nikalitazama vizuri. Pembeni lilikuwa limepitishwa tupa mara tatu, mistari mitatu ya mshazari. Geti la nyumbani kwetu lina mistari hiyo kila kona. Dirisha la jiko pia. Hata kigoda cha mama.

Nikafunga mdomo. Wanaonijua wataelewa nilivyoteseka.

“Sasa nani alilikata?” Kijiti aliuliza.

Kocha wa zamani alishafariki, na marehemu hana wa kumtetea. Mjomba angemtaja tu, na nafasi ya nne ilikuwa yake, picha yake, glovu juu, kifua mbele. Fundi Cherehani mwenyewe alikuwa ameshaanza kufuta vumbi kwenye ile fremu kwa kiwiko.

“Mimi,” Mjomba alisema.

“Wewe nini?”

“La shaba lilipotea. Kocha akauliza nani fundi hapa. Nikasema mimi.” Alinyoosha kiganja, akakipandisha na kukishusha. “Nililipima kwa mkono. Nikaona liko sawa.”

“Kwa mkono,” Kijiti alirudia. Mara hii hakucheka. “Kwa mkono! Mimi harusi yangu sikula, bwana! Pambano lilikuwa keshokutwa yake. Nimekaa pale mbele na suti, watu wanakata keki, mimi natema mate kwenye kikombe ili nipungue! Mke wangu mpaka leo anadhani sikumpenda siku ile!”

“Kijiti, ndugu yangu...”

“Kumi na moja! Na wewe miaka yote unaniambia sikuwa na moyo!”

Kweli alikuwa akisema hivyo. Kila kikao. Aliitetea enzi nzima isipokuwa Kijiti, ambaye kwa maelezo yake ndiye aliyeishushia heshima.

Kijiti aliinuka, akapekua bahasha ya Cherehani, akatoa picha moja ndogo iliyokunjika. Yeye mwenyewe, ana miaka ishirini, jicho limefumba, mbavu zinahesabika, amesimama. Akampa katibu.

“Hii ndiyo ya nne. Enzi yetu inaingia ukutani. Ile ya huyu mchomelea mrudishie mwenyewe, akaiweke getini.”

Fundi Cherehani alifungua mdomo kupinga, akatazama mizani, akaufunga. Katika maisha yangu ya benchi sijawahi kuona hivyo.

Saa tisa na nusu tulikuwa ukumbini. Kijiti hakumruhusu mtu mwingine apande ngazi. Mjomba aliishikilia kwa chini, misumari minne ameibana midomoni, anamtolea mmoja mmoja kila akinyoosha mkono. Mdomo uliokuwa na jibu kwa kila mtu miaka thelathini ulikuwa na kazi.

“Imekaa sawa?” Kijiti aliuliza bila kugeuka.

Mjomba alitazama juu. Ilikuwa imeinama kushoto, waziwazi, hata kipofu angeona.

“Usiniulize mimi,” alisema kupitia misumari. “Mwambie mpwa wangu alete kipimo.”