Shahidi wa Limi

Macho ya Limi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote, kama ya nusu ya wanawake wa kijiji. Leo, uani kwa mtemi wa sungusungu, yamegeuka macho ya mchawi.

Magesa, mwanawe wa pekee, alirudi kutoka machimbo ya Segese mwaka ule wa korona akihema kwa shida. Kifua kilipona, kichwa kikagoma. Anaingia zizini, anasahau alichofuata. Usingizi hana. Mlango ukigongwa anatetemeka, mwanaume mzima aliyekuwa akishuka shimoni akiimba. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua: Donatus, kaka wa mkewe, akaenda kupiga ramli, akarudi na jibu kwamba anayemloga Magesa ni mama yake anayempikia.

"Atengwe!" Donatus alifoka. "Dada yangu hakuolewa na msukule."

Limi alimtazama kwa chuki isiyo na haya. Ugali wake, huyu huyu alikuwa akiula mpaka analamba vidole!

"Mama Magesa, una shahidi?" mtemi aliuliza.

"Ninaye. Mwanangu. Daktari wa mjini alimweleza ugonjwa wake."

Asubuhi ile Magesa alikuwa ameyasema yote vizuri: korona huweza kuondoka kifuani ikaacha hofu na usahaulifu, si kulogwa, na matibabu yapo. Sasa alisimama, watu wote wakamkodolea macho, jasho likamtoka.

"Daktari alisema..." Akashika kichwa. "Alisema..." Kisha akaangua kilio.

"Mnaona?" Donatus akaruka. "Kamtazama tu kwa macho yale, ulimi umekatika!"

Limi akainama haraka, asimtazame mwanawe. Watu wakaguna. Kwao, huko kulikuwa kukiri.

"Ametengwa," mtemi akatamka. "Asisalimiwe, asiuziwe chumvi, asichote maji kisimani. Atakayemsemesha atatoa ng'ombe."

Watu wakaanza kutawanyika. Magesa akamsogelea mama yake, uso umemng'aa.

"Mayu, nimekumbuka! Alisema ni korona. Alisema hakuna aliyeniloga."

Limi alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumkumbatia.

"Kamsemesha!" Donatus alipiga kelele kutoka langoni. "Mtemi, umesikia? Atoe ng'ombe!"

Magesa akamtazama mama yake, amechanganyikiwa kabisa.

"Ng'ombe wa nini, mayu?"

Limi akampa mgongo, akaondoka bila kumjibu. Angemjibu, mwanawe angeongea tena.